Naomba ushauri: mwanangu golikipa na kocha mpya

Wakuu na wazazi wenzangu, heshima kwenu.

Mwanangu ana miaka 10, yupo darasa la nne. Ni mfupi na mwoga wa kuongea. Mwalimu akimuuliza kitu anainamisha kichwa. Mwaka jana alianza mazoezi uwanja wa mtaani, huku Mbagala, kwa kocha wa kujitolea. Yule kaka akamweka golini. Akifungwa hafokewi, anaambiwa tu, "Mpira umeusoma vizuri, mara nyingine toka mapema kidogo." Siku wenzake walipomcheka ufupi, kocha akawaambia Juma Kaseja naye hakuwa mrefu, na amedakia Simba, Yanga na Taifa Stars. Basi dogo akabadilika. Akawa ananyoosha mkono darasani, hata dukani anaagiza mwenyewe kwa sauti. Mama yake alibaki mdomo wazi.

Sasa kocha kapata kazi mkoani. Aliyeshika nafasi yake mpira anaujua, sikatai, ila kosa dogo tu, "Toka, aingie mwingine!" Mtoto kaanza kusingizia tumbo siku za mazoezi. Nimeongea na kocha pembeni, akasema anawakomaza. Kumlazimisha mtoto nimejaribu, analia.

Nimpumzishe kwanza, au nimtafutie timu nyingine japo ni mbali na nauli inauma? Na je, yule wa zamani akiwa anaongea naye kwa simu itamsaidia, au ndiyo atazidi kumkataa huyu mpya?

Makocha wa watoto na mliopitia hili, nisaidieni tafadhali.