Sumaku na waya wa kopa, LED (kitaa kidogo) haiwaki, naombeni ushauri

Habari zenu wakuu, naomba msaada kidogo. Dogo wangu kapewa kazi ya shule aonyeshe sumaku inavyotoa umeme, nikachukua waya mwembamba wa kopa wa mota ya feni iliyoungua nikazungusha raundi kama 200 kwenye kipande cha bomba kutengeneza koili, ncha nimezikwangua vanishi mpaka kopa ikang'aa (mara ya kwanza nilisahau, nusu siku imeenda bure). Sumaku ya spika ikitulia mita ya kupimia umeme inasoma 0, hapo naelewa, ila nikiichezesha mbele ya koili mita kwenye DC (umeme wa mwelekeo mmoja) inaruka chanya mara hasi, na LED nyekundu imegoma kabisa. Sasa niongeze raundi au spidi? Na mita niiweke AC (umeme unaogeuka-geuka mwelekeo)?