Naomba ushauri: kupiga picha mwezi mpevu unapochomoza baharini

Wakuu, habari za jioni. Nipo Bagamoyo, na kila mwezi ukipevuka nashuka ufukweni saa kumi na mbili jioni kuusubiri utoke baharini. Juzi ulitoka mwekundu kama kaa la moto, umebonyea kidogo kwa chini, na ngalawa ikapita mbele yake tanga likiwa jeusi tii. Nikatoa simu nikapiga. Kilichotoka ni kidoa cheupe tu, hata yale madoa yake hayaonekani!

Najua mwezi kuonekana mkubwa sana unapochomoza ni macho yetu tu yanatudanganya: ukinyoosha mkono, ncha ya kidole cha mwisho inaufunika, uwe chini au utosini. Na wekundu ni kwa sababu mwanga wake ukiwa chini unapita kwenye hewa nyingi zaidi. Picha ndiyo imenishinda.

Mwenye uzoefu anisaidie. Nipunguze mwanga wa kamera kiasi gani? Simu na stendi vinatosha, au niweke darubini ya mkononi mbele ya lenzi? Bibi yangu hawezi tena kushuka pwani, nami nataka sana nimpelekee mwezi ule chumbani kwake.