Mdogo wangu bia mbili chali, mimi nane bado nimesimama. Kwa nini?

MangiMdogo: Wakuu habari. Mimi na mdogo wangu tumekulia nyumba moja Kibosho, mbege tumeonjea kata moja. Yeye bia mbili anasinzia mezani. Mimi nane, na pikipiki naendesha mpaka nyumbani. Kijiweni naitwa Tangi, na jina nililipenda. Ila siku hizi natoka kunywa moja, nashtuka nimemaliza hela ya mzigo wa duka. Tangu utoto nina pupa: napiga kwanza, nafikiri baadaye. Hivi kuna ubongo ulioumbwa kwa ajili ya pombe?

Kijiko: Mfadhili wa hizo nane niunganishe naye mkuu.

Sista_Wodi6: Tangi, hiyo sifa ndiyo inayonitisha. Mwili wa mdogo wako unamwambia mapema "lala". Wako unachelewa kusema, lakini ini linahesabu zote nane. Mtafiti Mmarekani Marc Schuckit alifuatilia vijana wa kiume kwa miaka mingi, wakiwemo watoto wa walevi. Waliochelewa kulewa ujanani ndio waliotumbukia zaidi baadaye. Baba alikuwa anakunywa?

Pupa nayo inachangia. Sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso, ile ya kusema "subiri", hukomaa mpaka miaka 25 hivi, na pombe huilegeza mapema. Yako ilishalegea kabla chupa haijafunguliwa, samahani lakini. Wengine hunywa kwa hofu, wengine kwa kukata tamaa, wengine wanatafuta msisimko tu.

Kuumbwa kwa ajili ya pombe, hapana. Watafiti wa Ulaya mwaka 2014 walichukua tabia, historia na picha za ubongo za watoto wa miaka 14, wakabashiri nani atakuwa analewa akifika 16. Walipatia kama asilimia 70. Kwa watoto waliobaki walikosea, pamoja na mashine zao zote.

MangiMdogo: Baba walikuwa wanamwita Pipa.

Sista_Wodi6: Basi jibu maswali 10 ya AUDIT, kipimo cha unywaji pombe cha Shirika la Afya Duniani. Ukipata 8 kwenda juu, nenda ukamwone daktari. Na kama asubuhi mikono inatetemeka, usiache ghafla peke yako, unaweza kupata degedege.

MangiMdogo: Haitetemeki. Nimepata 17. La tisa, la kuumiza mtu, nimelijibu mara mbili. Mara ya kwanza nilidanganya.