Land Rover ya chumvi: lami juu safi, chini chasisi inaoza

Mbeba_Chumvi (Kasese):
Habari zenu wakubwa. Nina Land Rover 110 ya mwaka 1987. Mwaka wa sita huu inanibebea chumvi kutoka ziwa Katwe kwenda Mpondwe. (Katwe ya chumvi, siyo ile ya Kampala, msije mkanielekeza huko.) Gunia likitoka ziwani bado linadondosha maji, na maji yote yanaishia kwenye chasisi.

Mwaka jana fundi mmoja aliipulizia lami chini yote, ikapendeza kama mpya. Juzi napiga jeki nyuma, jeki ikazama ndani ya chuma kama kidole kwenye ndizi mbivu. Nikachokonoa lami kwa bisibisi, ikabanduka kipande kizima. Chini yake kutu imelowa. Imelowa! Na mvua hatujaiona siku tisa. Bodi haina hata doa. Nipake nini?

Mzee_wa_Dizeli:
Oili chafu, kijana. Paka kila baada ya miezi mitatu. Ya kwangu iko hivyo tangu sijaoa.

Fundi_Shimoni (Kampala):
Mzee wangu, kwa gari la shambani sikupingi, ila oili hiyo inalainisha bushi za mpira, na siku ya kuchomelea inawaka. Hapa tatizo ni chumvi.

Mbeba Chumvi, usipake chochote kwanza. Bodi yako ni alumini, ndiyo maana huoni wekundu. Chasisi ni chuma, tena ni boksi, tupu ndani. Chumvi ikishaingia humo inavuta unyevu wa hewani hata kiangazi. Aliyekupakia lami alifunga mlango na mwizi yuko ndani. Kwani hapo kwenu si kuna kiwanda cha chumvi kilichokufa, mabomba yameliwa na maji ya ziwa hilohilo?

Bandua lami yote. Chukua nyundo ndogo, gonga chasisi mbele hadi nyuma, kila upana wa kiganja. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinajibu kama boga. Tia alama ya chaki. Boriti ya nyuma na mikono inayobeba bodi ndipo 110 nyingi hufia. Paipu za breki zikiwa na vipele, badilisha, habari ya rangi sahau.

Kisha osha ndani. Zibua matundu ya chini ya chasisi, ingiza mpira wa maji, yamwagike mpaka yanayotoka hayana chumvi. Chovya kidole, onja, tema. Acha ikauke juani siku mbili tatu.

Palipotoboka hakuna dawa ya kupaka. Kata mpaka ukutane na chuma kizima, chomelea bati la milimita 3. Tangi la mafuta litoke kabisa, usilifunike gunia ukasema inatosha. Chomoa nyaya za betri na za alteneta. Kwenye kutu nyembamba pitisha brashi ya waya kwa grenda, halafu dawa ya asidi ya fosforiki, itaigeuza nyeusi. Kutu ya magamba hiyo dawa haiiwezi. Praima ya zinki, rangi, na ndani ya boksi pulizia nta kwa paipu nyembamba. Matundu yabaki wazi.

Mbeba_Chumvi:
Nimegonga jana na leo. Kushoto kunalia vizuri. Kulia, kuanzia springi ya nyuma, ni boga tupu, chaki imeniishia. Matundu manne yalikuwa yamezibwa, mawili na lami yenyewe. Magamba yametoka karai zima, mke wangu anauliza kama bado kuna gari. Maji ya kwanza yalikuwa kama chai ya maziwa. Ladha ya chumvi iliisha kwenye jerikeni la kumi na moja.

Wa kuchomelea nimempata, anakuja Jumatano. Nyuma nimetandika turubai lililokunjwa kingo, maji yateremkie mlangoni.

Fundi_Shimoni:
Vizuri. Hilo turubai linaishia juu ya boriti ya nyuma au linaivuka?

Mbeba_Chumvi:
Juu yake.

Fundi_Shimoni:
Basi unaimwagilia boriti mpya hata kabla haijachomelewa. Lirefushe shubiri mbili.

Mbeba_Chumvi:
Aaa. Naenda kutafuta sindano.