Kufuli la Python: liondolewe au libaki?

Mwalo_Kibirizi (Kigoma): Wakuu, tujadili bila matusi. Programu yetu inasoma picha za risiti za dagaa wanazotuma mawakala wa Kibirizi: inakata picha, inatambua tarakimu, inaandika kilo na bei. Prosesa ya seva ina kori nane, yaani sehemu nane zinazoweza kufanya kazi kwa pamoja, nami nimefungua thredi nane, yaani mikondo minane ya kazi ndani ya programu moja. Nikitazama prosesa, kazi inayofanyika ni ya kori moja tu. Sababu ni GIL, kufuli kuu la Python: ndani ya mchakato mmoja, thredi moja tu ndiyo inayotekeleza kodi ya Python kwa wakati mmoja. Wavuvi wanane, kasia moja. Toleo la 3.14 limeshatambua rasmi aina isiyo na kufuli. Nasema tuhamie huko sote, na vijana tunaowafundisha waanzie huko huko.

Fundi_Ngambo (Tabora): Anayelilia kufuli liondolewe hajawahi kuandika C, lugha iliyoandikiwa Python yenyewe. Kila kitu ndani ya Python kina hesabu ya wanaokishika. Thredi mbili zikiongeza hesabu hiyo kwa pamoja bila ulinzi, ongezeko moja linapotea. Baadaye hesabu inafika sifuri mapema, kitu kinafutwa mwingine akiwa bado anakitumia, programu inaanguka. Greg Stein alijaribu kuliondoa miaka ya 1990, Larry Hastings akajaribu 2016. Kufuli lilitoka, lakini programu za thredi moja zikawa nzito mno.

Binti_Mwanga (Kigoma): "Hajawahi kuandika C." Kaka, kwa nini kila mjadala lazima uanze kwa kufunga mlango? Nilijifunza Python kwenye simu, dukani kwa mjomba, na programu zangu zinatumika leo. Wasichana ninaowafundisha wanasoma maneno kama haya na kunyamaza.

Fundi_Ngambo: Sikumtaja mtu. Ila anayetaka kugusa moyo wa intapreta, ile programu inayotekeleza kodi ya Python, aujue moyo wenyewe.

Binti_Mwanga: Basi tuongelee moyo. Tazama mstari huu wa Mwalo, ameuweka kwenye kundi letu:

`jumla = jumla + soma(picha)`

Thredi ya kwanza inachukua jumla, inaingia kwenye soma. Humo ndani zamu inapita kwa thredi ya pili, maana mwenye kufuli huombwa aachie kila milisekunde 5. Ya pili inaandika jumla yake. Ya kwanza inarudi na jumla ya zamani, inaandika juu. Kilo za wakala mmoja zimepotea, na kufuli lipo! Kufuli linailinda intapreta, halimlindi muuza dagaa.

Reli_ya_Kati (Tabora): Kwani si liliondolewa zamani? Kwenye 3.12 nadhani.

Binti_Mwanga: Hapana ndugu. 3.12 ilitoka 2023, ikaruhusu kila intapreta ndogo, yaani intapreta ya ziada ndani ya mchakato huo huo, iwe na kufuli lake. Pendekezo la Sam Gross la kuliondoa lilikubaliwa mwaka huo huo, likaingia kwa majaribio kwenye 3.13, Oktoba 2024. Zile hesabu za wanaokishika kitu zimegawanywa: thredi iliyokiumba kitu ina hesabu yake ya haraka, nyingine zote zinahesabu pembeni.

Reli_ya_Kati: Kama kila intapreta ina lake, Mwalo afungue intapreta nane yaishe.

Fundi_Ngambo: Hayaishi. Mimi ninahudumia mizani ya kidijitali. Maktaba yake ya C inazaa thredi yake yenyewe, na uzito ukitulia inaita kodi yangu ya Python. Thredi hiyo Python haiijui. Kila thredi lazima iwe na PyThreadState, kumbukumbu ya Python inayoonyesha imeshika nini na ni ya intapreta ipi. Tunaita PyGILState_Ensure, amri ya C ya Python, ili thredi iipate, lakini ile inadhani intapreta ni moja tu. Ukiwa nazo nane, uzito unapelekwa kwenye ile kuu. Na msidanganyane kwamba kufuli likitoka kazi hii inaisha. Hata bila kufuli, thredi lazima ijiunge kwanza, kwa sababu mzoa taka wa kumbukumbu akitaka kusimamisha wote lazima awajue wote. Haya ndiyo niliyomaanisha kwa C.

Binti_Mwanga: Ungeanza na haya, tungekuwa mbali. Ulianza na dharau.

Mwalo_Kibirizi: Jamani, nimewasha aina isiyo na kufuli. Mara tu ilipoingiza maktaba yetu ya kutambua tarakimu, limetokea onyo: kufuli limerudishwa.

Fundi_Ngambo: Ndivyo ilivyopangwa. Moduli ya C isiyojitangaza kwamba inaweza kuishi bila kufuli inalirudisha kwa mchakato mzima. Nani aliandika hiyo maktaba?

Mwalo_Kibirizi: Kijana aliyekuwa nasi, yuko Dodoma sasa. Si naongeza tu hilo tangazo?

Fundi_Ngambo: Usithubutu! Kagua kwanza vigeu vya static, vile ambavyo thredi zote zinavitumia kwa pamoja. Tangazo halirekebishi kitu, linaiambia Python ikuamini.

Mwalo_Kibirizi: Kipo kimoja, juu kabisa ya faili. Bafa ya picha, sehemu ya kumbukumbu picha inapowekwa ikifanyiwa kazi. Thredi zote nane zitaandika humo humo.

Reli_ya_Kati: Kiwekee kufuli lake dogo.

Binti_Mwanga: Kwa lipi? Kazi yote nzito inafanyika ndani ya bafa hiyo. Mkiifunga, kori saba zitalala tena. Kila thredi ipewe bafa yake.