Laki nne mkononi: simu mpya ya boksi au Samsung S ya mtumba?

Mleta mada
Wakuu, tubishane kwa hoja, ushabiki wa kampuni tuuweke kando. Mtu ana laki nne. Akifika Kariakoo anawekewa mezani vitu viwili: Tecno Spark au Infinix Hot mpya, boksi halijafunguliwa, waranti ipo, na Samsung Galaxy S20 au S21 ya mtumba iliyoletwa kutoka Dubai, imefutwa ikang'aa, imevishwa kava. Anataka simu ya kukaa nayo miaka 3. Achukue ipi? Mimi nasema S21, kwa sababu ya chipu, kamera na kioo. Anayepinga alete kinachopimika.

Fundi wa Aggrey
Napinga, mkuu. Hesabu yako imeishia kwa muuzaji, haijafika kwa fundi.

S21 ilitoka kiwandani na betri ya mAh 4,000. Betri iliyochoka ikabaki na asilimia 80 maana yake unatembea na mAh 3,200. Spark 20 mpya ina 5,000. Kwa hiyo kwenye bei ya mtumba ongeza betri mpya tangu siku ya kwanza. Na simu ikishafunguliwa nyuma, ile gundi ya kuzuia maji imeondoka. IP68 iliyoandikwa kwenye sifa zake usiitegemee tena.

Halafu kioo. Kioo orijino cha S21 kinakuja pamoja na fremu yake, na kikipasuka kinaweza kula zaidi ya nusu ya bei uliyonunulia simu. Ndiyo maana simu nyingi za mtumba zimeshafungwa kioo cha kopi. Njia rahisi ya kukijua: sajili alama ya kidole papo hapo dukani. Kisoma kidole cha S20 na S21 kipo chini ya kioo na kinafanya kazi kwa mawimbi ya sauti kupitia paneli ya OLED (aina ya kioo kilichotoka nacho kiwandani). Ukibandika kopi ya TFT (aina ya kioo cha bei rahisi) juu yake, kidole hakisomi kabisa. Muuzaji akikwambia "hiyo ni setingi tu, utaiweka nyumbani", rudisha simu mezani.

Pwani Tekno
Fundi yuko sahihi kwenye kioo, ila watu wanapigwa zaidi na boksi jipya kuliko na mtumba. Geuza boksi usome kwenye RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi). Wameandika GB 16 kwa herufi kubwa, na chini yake kwa herufi za sisimizi "8+8". Nane za kweli, nane zimekopwa kwenye hifadhi ya simu. Za bei ya chini zaidi ni 4+4.

Kukopa huko kuna gharama. Simu nyingi za bei hii zinatumia hifadhi ya eMMC 5.1, ambayo kasi yake ya juu kabisa ni MB 400 kwa sekunde. S21 ina hifadhi ya aina ya UFS 3.1, ambayo kwenye makaratasi inavuka MB 2,000. Hapo ndipo simu mpya inapoanza kukwama baada ya miezi kadhaa: hifadhi imejaa picha na video za WhatsApp, RAM ya kukopa inang'ang'ania nafasi hiyo hiyo, kila kitu kinapanga foleni mlango mmoja. Dawa ni kuizima ile RAM ya kukopa kwenye setingi na kuacha walau GB 20 wazi.

Anayetaka mpya asome jina la chipu kwanza, megapikseli baadaye. Helio G85 na G88 zinakubali eMMC tu. Helio G99 inakubali UFS 2.2. Tofauti hiyo utaiona kila siku.

Mleta mada
Ndiyo hoja yangu hasa. Na kamera? Megapikseli 50 za simu ya bei hii hazina kitulizo cha lenzi. Kamera kuu ya S21 ina megapikseli 12 tu, lakini lenzi inaelea, kwa hiyo usiku mkono ukitikisika kidogo picha haichafuki.

Fundi wa Aggrey
Kwenye kamera sina ubishi. Mteja wangu ndiye anayebishana nami anaporudi na mstari wa kijani uliosimama toka juu hadi chini ya kioo. Huo ni ugonjwa wa vioo vya AMOLED (aina ya OLED) kwenye simu nyingi zenye umri, na suluhisho la kudumu ni kubadili kioo.

Dada wa Darajani
Naomba tusiwaache wanunuzi hewani, kuna watu watasoma hapa kesho wakiwa njiani kwenda dukani. Mkiamua mtumba, fanyeni hivi kabla ya kutoa hela:

Piga *#06#. Namba za IMEI (utambulisho wa simu) zenye tarakimu 15 zilingane na zilizo kwenye setingi, kisha tuma IMEI kwa ujumbe mfupi kwenda 15090 uone jibu linataja aina ile ile ya simu. TCRA, mamlaka ya mawasiliano, walizima simu bandia Juni 2016, kwa hiyo IMEI ya kubandika ni hatari mpaka leo.

Piga *#0*#, inafungua menyu ya Samsung ya kupima kioo. Pitisha nyekundu, kijani na bluu, kisha fungua picha nyeupe tupu mwanga ukiwa juu. Tafuta kivuli cha kibodi au cha alama za betri na saa. Kivuli hicho hakifutiki.

Irudishe simu kiwandani mbele ya muuzaji, iunge na intaneti. Ikidai akaunti ya Google ya mtu mwingine, au ikiandika kwamba inasimamiwa na taasisi, achana nayo. Simu ya mkopo ambayo haijalipwa kufuli lake linarudi hata baada ya kufutwa.

Soma modeli. SM-G991B ina nafasi za laini mbili. SM-G991U ni ya Marekani, trei yake inaingia laini moja. Mwenye laini ya M-Pesa na nyingine ya bando atajuta.

Mwisho chomeka chaji dakika kumi. Ikipanda joto sana, au waya ukichezeshwa chaji inakatika, kuna tatizo kwenye mfumo wa chaji.

Mbeya Baridi
Hakuna aliyegusa masasisho, na swali limesema miaka 3. S21 ilitangazwa Januari 2021 ikiwa na Android 11. Samsung waliahidi matoleo manne, kwa hiyo Android 15 ndiyo kituo chake cha mwisho. S20 iliishia Android 13. Anayeinunua leo ananunua simu iliyokwisha safari, na programu za benki ndizo huanza kukataa mifumo ya zamani. Spark na Hot nazo mara nyingi hupata toleo moja au hazipati.

Mimi ningejibana nikaongeza kidogo nichukue Galaxy A16 mpya: matoleo sita yameahidiwa, betri ya mAh 5,000, kioo cha AMOLED, na ile ya 4G ina Helio G99.

Pwani Tekno
A16 sawa, lakini usichukue ya RAM GB 4. Masasisho ya miaka 6 juu ya GB 4 ni mateso. Tafuta ya 6 au 8.

Mleta mada
Kwenye masasisho nimekubali, S20 naiondoa kwenye orodha. S21 bado naitetea kwa mtu ambaye kazi yake ni picha na video, awe ameweka pembeni hela ya betri, na kidole kimesoma dukani.

Fundi wa Aggrey
Kwa masharti hayo sina neno. Ila betri yenyewe asinunue ya barabarani iliyoandikwa mAh 6,000. Nafasi ndani ya S21 ni ile ile ya 4,000.