Hierosolyma, Hierusalem, Aelia: kwa nini Kilatini kina majina kadhaa ya Yerusalemu?

Mwanafunzi wa Kilatini

Salamu kwenu nyote. Nimekuwa nikisoma Injili katika Vulgata, tafsiri ya kale ya Biblia kwa Kilatini, huku Biblia ya Kiswahili ikiwa pembeni, na nimekwama mahali ambapo sikutarajia. Katika Kiswahili mji ni Yerusalemu tangu mwanzo hadi mwisho. Katika Kilatini, Mathayo 2:1, mamajusi wanafika *Jerosolymam*. Lakini katika 23:37, Yesu anapouombolezea mji huo huo, anauita *Jerusalem, Jerusalem*. Kisha katika Yohana 4:20 nimekuta *Jerosolymis*, ambalo kwa mwisho wake ni neno la wingi. Mji mmoja unakuwaje wingi? Zaidi ya hayo, ramani yangu ya dola ya Kirumi imepaandika mahali hapo *Aelia Capitolina*.

Naomba kueleweshwa: je, haya ni makosa ya wanakili, ni tofauti za tahajia tu, au kila jina lina asili yake? Ninaandika insha fupi kwa Kilatini na ningependa kujua ni lipi nilitumie.

Mpekuzi wa Maandiko

Ndugu, si makosa. Tofauti ya *Hierosolyma* na *Jerosolyma* ndiyo ya tahajia tu, kwa kuwa herufi za mwanzo ziliandikwa kwa namna mbalimbali, na J ni desturi ya wachapaji wa baadaye. Ila *Hierosolyma* na *Hierusalem* ni majina mawili yaliyoingia katika Kilatini kwa njia mbili tofauti, ingawa yote mawili yalipitia Kigiriki.

*Hierusalem* lilitoka kwa Wayahudi waliotafsiri Maandiko yao kwa Kigiriki, kazi tunayoiita Septuaginta. Wao waliliandika jina la Kiebrania karibu kama walivyolisikia, wala hawakulipa miisho ya Kigiriki. Yeronimo, mtafsiri wa Vulgata, aliyeishi Bethlehemu kuanzia mwaka 386 hadi kufa kwake mwaka 420, alilipokea hivyo hivyo, na ndiyo sababu halibadiliki hata likiwa mtenda, mtendwa au mmiliki.

*Hierosolyma*, kwa upande mwingine, ni jina la mji huo lililovishwa vazi la Kigiriki. Wagiriki walisikia ndani yake neno lao *hieros*, yaani «takatifu», wakalifanya nomino ya wingi kama walivyofanya kwa miji mingi: Athens kwa Kilatini ni *Athenae*, na Thebes ni *Thebae*, yote wingi. Kwa hiyo wingi huo hauhesabu miji. Ni umbo la jina tu. Maana ya «takatifu» haimo katika Kiebrania. Ni masikio ya Wagiriki yaliyoiweka humo, na mimi huliona hilo kuwa jambo la kupendeza sana, kwamba watu wageni waliusikia utakatifu wa mji katika silabi ambazo hazikuutaja.

Napenda pia uone jinsi Paulo anavyoyatumia majina haya katika Wagalatia. Anaposimulia safari zake (1:18 na 2:1) anasema alikwenda *Jerosolymam*. Anapofika sura ya 4, kwenye mfano wa wale wanawake wawili, mji ulio juu na ulio huru ni *Jerusalem*. Moja ni la msafiri, jingine ni la imani.

Msomaji wa Historia ya Roma

Nakubaliana na mengi aliyoyaeleza Mpekuzi, nami naongeza upande wa Warumi wenyewe, kwa maana jina hili lilikuwa katika Kilatini muda mrefu kabla ya Vulgata.

Msemaji maarufu wa Kirumi Cicero, akimtetea Flaccus mahakamani mwaka 59 KK, alikumbusha kwamba jemadari Pompeius *captis Hierosolymis*, yaani baada ya kuuteka mji, hakugusa kitu hekaluni. Hapo jina ni wingi, kama lilivyo katika Kigiriki. Plinius Mzee naye aliuita mji huu *Hierosolyma*, maarufu kupita miji yote ya Mashariki, wala si ya Uyahudi peke yake. Tacitus anataja maelezo ya baadhi ya watu kwamba jina lilitokana na Wasolimi waliotajwa katika mashairi ya Homer. Kama asili ya neno maelezo hayo hayana nguvu, lakini yanaonyesha kwamba Warumi walikuwa wakijiuliza swali kama lako.

Umbo la umoja, *Hierosolyma* lenye jinsia ya kike, lisidhaniwe kuwa ubunifu wa watafsiri wa Kikristo. Tao lililojengwa Roma mwaka 81 kwa heshima ya Titus lilikuwa na maandishi, ambayo leo yamesalia kwa nakala tu, yaliyosema aliuangamiza *urbem Hierusolymam*, mji ambao viongozi na wafalme wote wa kabla yake ama waliushambulia bure ama hawakuthubutu kuujaribu. Huo ni uongo ulio wazi, na maneno mawili ya Cicero yanatosha kuukanusha.

Sasa kuhusu *Aelia Capitolina*. Hili halina uhusiano wowote na majina ya awali, na lilikusudiwa lisiwe nao. Kaisari Hadrian, ambaye jina la ukoo wake lilikuwa Aelius, aliuanzisha mji upya kama koloni la Kirumi karibu mwaka 130, akauweka chini ya Jupiter wa Capitolium. Baada ya vita vya Bar Kokhba, yaani uasi wa Wayahudi dhidi ya Roma ulioanza mwaka 132, Wayahudi walikatazwa kuingia humo. Jina jipya lilishika kiasi kwamba Mtaguso wa Nikea wa mwaka 325, katika kanuni yake ya 7, unamzungumzia askofu wa Aelia.

Eusebius, mwanahistoria wa Kanisa, anasimulia kisa kilichotokea Kaisaria ya Palestina mwaka 310. Gavana Firmilianus alimuuliza Mkristo mmoja mji wake ni upi, naye akajibu kuwa ni Yerusalemu, akimaanisha ule ulio juu anaoutaja Paulo. Gavana hakulifahamu jina hilo. Akaamuru ateswe ili aseme mji huo uko wapi, akihofia kwamba Wakristo wamejijengea mji wa uasi mahali fulani. Fikirini: mtawala aliyekaa mwendo wa siku chache tu kutoka mji wenyewe!

Waarabu walipouchukua mji katika karne ya 7 walilikuta jina la Hadrian lingali hai, wakalitamka *Iliya*. Baitul-Maqdis na al-Quds ndiyo yaliyodumu baadaye.

Mhariri wa Tafsiri

Naomba kutofautiana na Mpekuzi katika jambo moja. Mgawanyo wa «jina la msafiri» na «jina la imani» unafaa katika Wagalatia, lakini haufai kuwa kanuni. Katika Kigiriki, Marko na Yohana wanatumia *Hierosolyma* peke yake, na Yohana 4 ni mazungumzo ya ibada tupu, si ya safari. Mathayo naye ametumia *Hierosolyma* kila mahali isipokuwa katika ombolezo lile la 23:37. Ningesema kila mwandishi alikuwa na mazoea yake, na pale tu anapoyaacha ndipo tuna haki ya kutafuta sababu.

Mpekuzi wa Maandiko

Nimelipokea sahihisho hilo. Ombolezo la Mathayo ni mfano bora kuliko wangu, kwa kuwa hapo mwandishi anayaacha mazoea yake.

Mwanafunzi wa Kilatini

Nawashukuru sana. Limebaki moja: katika Yohana 4:20 imeandikwa *Jerosolymis* bila kihusishi, na katika 4:21 *in Jerosolymis*. Je, maana imebadilika?

Mhariri wa Tafsiri

Haijabadilika, zote mbili ni «Yerusalemu» kwa maana ya mahali. Kilatini cha kale hakikuweka kihusishi mbele ya majina ya miji, kwa hiyo *Hierosolymis* peke yake linaweza kuwa «mjini Yerusalemu» au «kutoka Yerusalemu», na kitenzi ndicho kinachoamua. Lugha ya Vulgata iko karibu zaidi na ya watu wa kawaida, nayo mara nyingi huongeza *in* au *ab*.

Kwa insha yako, ukiandika kuhusu enzi za Cicero au Tacitus, tumia *Hierosolyma* la wingi. Ukinukuu Zaburi au Manabii, acha *Hierusalem* bila kuligusa. *Aelia* litumie kwa karne za koloni tu. Kivumishi, hata kwa ufalme wa Wanamsalaba baada ya mwaka 1099, ni *Hierosolymitanus*. *Hierusalem*, kwa kuwa halipokei miisho, halikuweza kukizaa.